Mke Hahukumiwi kwa Hedhi Iliyochelewa

Ndugu Waislamu, msimu uliopita wa kahawa alinijia bwana mmoja hapa Namswea, baada ya sala ya Ijumaa, akitaka nimwandikie talaka. Nikamwuliza kosa la mkewe. Akasema: "Sheikh, ameua kizazi chake kwa vidonge. Miezi miwili sasa ameviacha ili tupate mtoto, na damu haijamjia, wala mimba hana."

Nikamwuliza tena: "Alivimeza kwa siri?" Akainamisha kichwa. Kumbe waliafikiana wote wawili, ili mtoto aliyetangulia apate kukua. Nauli ya kwenda zahanati alikuwa akiitoa yeye mwenyewe!

Basi na tuseme wazi. Masahaba walikuwa wakifanya azli zama za Mtume (S.A.W.), Qur'ani ikiteremka, wala hawakukatazwa, ndivyo alivyosimulia Jabir bin Abdillah. Wanavyuoni wengi wamevikisia vidonge kwa azli hiyo, maadamu wawili wameridhiana na hapana madhara. Anayemwita mwanamke huyu muuaji na atuletee dalili, si maneno ya kilabuni (na Mwislamu kilabuni alifuata nini?).

Ama utabibu, jambo lenyewe si la ajabu. Kidonge hulizuia yai lisipevuke. Ile damu anayoiona mwanamke kila mwezi akiwa anameza si hedhi yake ya asili; hutoka kwa kuwa dawa imekatika siku chache. Akiacha kabisa, mwili hurudia kazi yake, kwa wengine mwezi uleule, kwa walio wengi ndani ya miezi mitatu. Kizazi hakikuoza. Inayochelewesha zaidi ni sindano, pengine mpaka karibu mwaka, na watu wamevichanganya viwili hivi. Tena yai hutangulia damu, kwa hiyo mwanamke aweza kushika mimba kabla hajaona hedhi hata moja. Linaloanza ni kupima mkojo. Miezi mitatu ikipita na mimba hakuna, aende kwa daktari: huenda ni tezi, au lishe duni, au huzuni, au maradhi ya mayai aliyokuwa nayo tangu zamani, vidonge vikayafunika.

Nilipomwambia kwamba naye apimwe manii, uso ulimbadilika. Kwa nini? Katika Surat Shura Mwenyezi Mungu ametaja kwamba humfanya tasa amtakaye, wala hakusema ni mwanamke peke yake. Madaktari nao wanajua kuwa sehemu kubwa ya nyumba zinazokosa watoto, ila huwa kwa mume, au kwa wote wawili.

Na hiyo talaka aliyoitaka kwa haraka, je, aliifikiria eda yake? Mwenye kupata hedhi hukaa eda ya tahara tatu. Huyu damu haiji: tahara zitahesabiwaje? Katika madhehebu yetu ya Shafi mas'ala haya yana maneno marefu, na mwanamke aweza kufungwa muda mrefu, hana mume, wala haolewi, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa kungoja mwezi mmoja zaidi.

Sikumwandikia. Nilimwambia arudi nyumbani akamwombe radhi mkewe, kisha wateremke Mbinga pamoja, na nauli atoe yeye kama alivyokuwa akitoa zamani.