Ngome Iliyopasua Matangi Yake

Tuseme umebahatika kufika Key West, kusini kabisa mwa jimbo la Florida nchini Marekani, ukapanda boti ya asubuhi kuelekea magharibi. Unasafiri zaidi ya saa mbili, karibu kilomita 113, mpaka unaona kuta za matofali zimesimama katikati ya bahari. Hiyo ni Ngome ya Jefferson, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Dry Tortugas. Kabla ya safari umesisitiziwa jambo moja: beba maji yako ya kunywa.

Jina lenyewe linaonya. Mhispania Juan Ponce de León alipita hapo mwaka 1513, akaviita visiwa hivyo Tortugas kwa ajili ya kasa aliowakuta. Neno Dry, yaani vikavu, liliongezwa baadaye ili mabaharia wajue hakuna maji baridi.

Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1846 kwa lengo la kulinda njia ya meli. Ukaendelea miaka kama 30, ukameza matofali takriban milioni 16, na haukukamilika. Adui aliyesubiriwa hakuja kuishambulia.

Sasa sikiliza habari ya maji. Wahandisi walijua shida ya kisiwa, hivyo chini ya ngome wakaweka matangi zaidi ya 100 ya kuhifadhi maji ya mvua. Mpango mzuri. Lakini kisiwa ni mchanga na vipande vya matumbawe, na kadiri kuta zilivyopanda ndivyo zilivyodidimia. Uzito wake ukayapasua matangi, maji ya chumvi yakaingia. Wala si mizinga ya adui iliyofanya hivyo. Ni kuta zenyewe.

Soma Yeremia 2:13 ukiwa na picha hiyo. Mungu analalamika kwamba watu wake wameiacha chemchemi, wakajichimbia mabirika yasiyoweza kuhifadhi maji. Mara nyingi tunalihubiri neno hilo dhidi ya waganga na walevi. Leo naliona likituelekea sisi tulioketi viti vya mbele.

Nisieleweke vibaya. Sipingi ujenzi wa makanisa. Kunyeshewa ibadani si utakatifu. Ila kumbuka matangazo ya Jumapili iliyopita. Ahadi za ujenzi, bahasha ya vigae, mnada wa kumalizia mnara, mchango wa uzio. Diakonia ilitajwa wapi? Na yule mjane wa jumuiya yako, ambaye jina lake lilisomwa miongoni mwa wasiomaliza ahadi, mara ya mwisho ulimwona lini kanisani? Hajakosana na Mungu. Anaona haya. Tumempandishia tofali juu ya tofali hadi akapasuka, kisha tunashangaa kwa nini imani yake imeingia chumvi.

Ngome ile baadaye ilitumika kama gereza. Miongoni mwa wafungwa alikuwamo daktari Samuel Mudd, aliyehukumiwa kifungo cha maisha kwa kuhusishwa na njama ya kumuua Rais Abraham Lincoln. Mwaka 1867 homa ya manjano ikaingia, na kuta zile nene hazikuizuia. Daktari wa ngome akafa. Aliyesimama kuwahudumia wagonjwa ni Mudd, mfungwa yule. Askari waliokuwa wakimlinda wakaandika kumwombea msamaha, na Rais Andrew Johnson akamsamehe mwaka 1869. Kumbe msaada ulikuwa ndani siku zote, umeandikwa kwenye orodha ya wakosaji.

Nasi tunayo orodha yetu. Mzee wa kanisa, wewe uliyekabidhiwa daftari la ahadi, nakuomba wiki hii usilipeleke madhabahuni. Lichukue, uende nyumba kwa nyumba kwa wale ambao majina yao yana alama nyekundu. Usidai kitu. Keti, pokea kigoda utakachopewa, uulize habari za watoto na kama kuna chakula. Kikao cha kamati ya ujenzi kinaweza kusubiri mpaka urudi.