Lidia Aliuza Zambarau: Wewe Utauza Nini Mtandaoni?

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na habari za bustani ya mboga nyuma ya nyumba, lakini tumepokea ujumbe wa dada mmoja wa Mbeya uliotufanya tuiweke bustani kando kwanza. Tulimwomba ruhusa ya kuueleza hapa bila kutaja jina lake, naye ameridhia, kwa kuwa anaamini wapo wenzake wengi walio katika shimo hilohilo.

Dada huyu ni mke na mama wa watoto watatu. Alikopa shilingi 400,000 katika kikundi chao cha kuweka na kukopa ili aanze kuuza vitu kwa simu. Akanunua mabegi ya shule, vipodozi, viatu vya kike vya mitumba, seti mbili za sufuria na mashuka. Akapiga picha, akaziweka WhatsApp na Instagram, akaandika kwamba anauza kila kitu kwa bei nafuu. Mwezi wa kwanza ndugu na majirani walimuunga mkono. Mwezi wa pili kimya. Sasa anatakiwa kurejesha shilingi 40,000 kila wiki, mumewe hana habari za mkopo huo, na aliyemdhamini ni mwenzake wa kwaya. Kwa kanuni za kikundi chao, asipolipa yeye, atalipa mdhamini. Swali lake lilikuwa hili: aongeze bidhaa gani ili wateja waje?

Jibu letu ni kwamba asiongeze. Apunguze.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, tunasoma habari za Lidia, mwenyeji wa Thiatira, ambaye Paulo alimkuta katika mji wa Filipi huko Makedonia. Tumezoea kumtaja kwa ukarimu wake, jinsi alivyowakaribisha mitume nyumbani kwake. Lakini tuangalie pia kazi yake. Luka hasemi kwamba Lidia alikuwa mfanyabiashara tu, akaishia hapo. Anasema aliuza zambarau. Ilikuwa rangi ya gharama, iliyotafutwa na wenye nafasi, na Filipi ulikuwa mji wa koloni la Warumi. Thiatira nao, ambao leo uko katika nchi ya Uturuki, ulijulikana kwa watia rangi wake. Kwa hiyo mama yule aliuza kitu alichokijua tangu kwao, akakiuza kwa watu waliokitaka. Yamkini ndiyo maana hata leo tunajua aliuza nini.

Wataalamu wa masoko wana neno lao kwa jambo hili. Sisi tutaliita kona: bidhaa ya namna moja kwa watu wa namna moja. Na ye yote anayeanza biashara ya mtandaoni anapaswa kuichagua kona yake kabla hajanunua hata kipande kimoja cha bidhaa.

Kwa nini hasa mtandaoni? Kwa sababu duka la barabarani lina wapita njia. Mtu amekuja kununua chumvi, akaona kiberiti, akakumbuka kwamba nyumbani kimekwisha. Kwenye simu hakuna mpita njia wa namna hiyo. Mtu huja kwako kwa sababu anatafuta kitu, au kwa sababu rafiki yake amemwambia, “Yupo mama fulani anauza kitu hicho.” Sasa jaribu kumweleza mtu habari za mama anayeuza mabegi, viatu, mafuta ya kupaka na sufuria. Utamwelezaje hata amkumbuke?

Hapa kuna jambo dogo ambalo wanaoanza wengi hawalijui. Ukituma tangazo kwa orodha ya WhatsApp, linawafikia tu wale waliohifadhi namba yako katika simu zao, na orodha moja haizidi watu 256. Picha za “status” nazo hutoweka baada ya saa 24, na wanaoweza kuziona ni wale ambao ninyi kwa ninyi mmehifadhiana namba. Basi mtaji wako wa kwanza si shehena ya bidhaa. Ni watu waliokuandika katika simu zao. Na sisi Waswahili tunaandikaje majina kwenye simu? Tunaandika Fundi Juma Bomba, Mama Asha Maziwa, Kaka wa Gesi. Jiulize wewe umeandikwa nani. Kama umeandikwa Mama Neema, basi, mtu akiwa na shida ya nguo hatakupata hata akikutafuta. Neno linalofuata baada ya jina lako ndilo kona yako.

Tulimwuliza dada yetu maswali mawili. La kwanza: watu hukuuliza nini bila wewe kuwatangazia? La pili: ni shida gani ya wanawake wenzako unayoijua kwa kuwa imekupata mwenyewe? Alikaa siku tatu bila kujibu, tukadhani amekasirika. Kisha akaandika kwamba kabla ya kuolewa alijifunza ushonaji na cherehani anayo, ila ameigeuza meza ya kuwekea luninga. Alipokuwa akimnyonyesha mtoto wa tatu alijishonea magauni mawili ya kitenge, yenye zipu zilizofichwa katika mishono ya kifuani, ili aweze kunyonyesha ibadani bila kujifunika shuka wala kutoka nje. Kliniki na kanisani wanawake wakawa wanamwuliza amelinunua wapi. Alicheka tu, akawajibu ni la kujishonea. Hakuona kwamba ile ilikuwa biashara iliyokuwa inamfuata kwa miguu yake.

Hebu tuitazame kona hiyo kwa karibu, maana tulio wengi katika ukurasa huu tumenyonyesha na tunaijua adha yenyewe. Gauni la kufungwa nyuma halifai. Blauzi ya kuvuta juu inaacha tumbo wazi. Nguo ya vifungo vingi mbele inakawia kufunguka huku mtoto analia na mchungaji ameanza mahubiri. Mama aliyejifungua kifua chake kimeongezeka, tumbo halijarudi, na baada ya miezi minne mwili umebadilika tena, hivyo anahitaji nguo yenye nafasi ya kupunguzwa. Maziwa yanavuja, basi kitambaa chenye maua hufaa kuliko cha rangi moja. Nguo itafuliwa mara nyingi, kwa hiyo kitenge kinachochuja kitamletea fundi lawama. Anayeyajua haya yote bila kusoma mahali po pote amekwisha kuwatangulia wengi wanaoagiza nguo za jumla, wala hawajui mnunuzi atazivaa saa ngapi.

Kisha tuwatazame wanunuzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84, au siku 100 akiwa amepata mapacha. Akirudi kazini mtoto bado ananyonya, na sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Maana yake ni kwamba yuko mwalimu, yuko muuguzi, yuko karani wa benki mwenye mshahara, anayehitaji nguo ya heshima ya kazini itakayomruhusu kunyonyesha, na atakuwa na haja hiyo kwa mwaka mmoja au miwili. Na huyu akimaliza, mdogo wake anaanza. Kona ya namna hii ni nyembamba, lakini haiishiwi watu.

Lakini hesabu ije kabla ya furaha. Tuchukue mfano. Kitambaa ni shilingi 13,000, zipu mbili na uzi 2,000, mfuko na umeme 1,000, sehemu ya bando 1,000. Jumla 17,000. Akiuza kwa 28,000 anabakiwa na 11,000. Ili apate marejesho ya 40,000 kila wiki lazima auze magauni manne, na hapo hajanunua hata mkate wa watoto. Akimpa fundi mwingine ashone kwa 7,000, anabakiwa na 4,000, na magauni yanakuwa kumi kwa wiki. Kwa hiyo mwanzoni ashone mwenyewe, usiku, watoto wakilala. Tunajua kwamba hilo ni rahisi kuliandika kuliko kulifanya.

Na asikope tena. Kona hujaribiwa kwanza kwa oda. Ashone gauni moja la mfano, alivae mwenyewe, apigwe picha mchana karibu na dirisha, tena picha moja ioneshe zipu inavyofunguka juu ya nguo ya ndani, kwa staha. Aandike bei. (Tunaomba turuhusiwe kulalamika kidogo: hii desturi ya kuficha bei na kumwambia mteja aje inboksi inatuchosha. Mama mwenye mtoto mgongoni hana muda wa kubembeleza bei.) Anayetaka alipe kianzio cha nusu, ndipo kitambaa kikatwe. Kama katika siku 30 watu wanasifia tu na hakuna aliyelipa kianzio, basi ama bei ama kona haifai, na hasara yake ni gauni moja analolivaa. Hali kadhalika apitie kurasa za wauzaji wa nguo za wajawazito asome maoni ya chini, si kwa wivu. Penye watu wanaouliza bei, wanaouliza kama mzigo unatumwa mikoani, wanaolalamika kwamba saizi kubwa hakuna, pana njaa ambayo haijashibishwa.

Ziko kona zinazovutia ambazo hatumshauri anayeanza aziingie kwa pupa. Unga wa lishe wa watoto ni mmoja. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na kinachowekwa kinywani mwa mtoto wa mwenzako kinataka eneo safi, vipimo na kibali kabla hakijatiwa lebo. Wanaoanza wanaweza kufika ofisi za SIDO mkoani kwao wakaulize utaratibu. Dawa za kupunguza unene na mafuta ya kung'arisha ngozi hatutayazungumza. Mama anayemcha Mungu asiyaguse.

Kona nyingine si kona kabisa. Utaambiwa ulipe ada ujifunze kuuza mtandaoni, na ukishalipa utakuta bidhaa yenyewe ni kuwaleta wengine nao walipe ada. Tusisahau mwaka 2009, serikali ilipoizuia DECI hapa Tanzania. Ilikuwa ikiongozwa na wachungaji, watu wakaambiwa wapande fedha ili wavune, na wengi waliopanda hawakuvuna. Siku hizi mtego huo unakuja kwa simu, wala hauhitaji ukumbi. Ukiulizwa unauza nini, nawe huna kitu cha kuonesha isipokuwa namba za uliowaingiza, ondoka.

Tumebakiwa na lile zito. Dada yetu aliomba tumsaidie kupata wateja kabla mumewe hajajua. Hapo hatukukubaliana naye, na tulimwambia. Deni lililofichwa halikai mahali pamoja. Siku mdhamini wake atakapoombwa kulipa, habari itafika nyumbani kwa mdomo wa mtu mwingine, tena ikiwa imeongezewa chumvi. Tulimshauri amwambie mumewe jioni moja watoto wakiwa wamelala, akiwa na daftari mkononi: nimekopa kiasi hiki, nimelipa hiki, kimebaki 240,000, na mpango wangu ni huu. Mabegi, sufuria na mashuka yauzwe kwa bei ya kununulia, hata kwa hasara kidogo, fedha zote ziende kwenye deni. Aende pia kwa yule mwenzake wa kwaya ampe habari kamili kabla ya kikao. Kikundi kinaweza kumwongezea muda mtu aliyekuja mwenyewe.

Alikawia majuma mawili. Mumewe alinyamaza siku nzima, kisha jioni akaulizia luninga itawekwa wapi sasa. Cherehani imerudi mahali pake. Kikundi kimemruhusu alipe 25,000 kwa wiki. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa ameshona magauni manne ya oda, matatu ya walimu wa shule moja, na moja limerudishwa kwa sababu zipu ya kushoto ilikuwa fupi. Analifumua.