TELEVISHENI ILIYOKULEA WEWE HAIKUWEPO



Ndugu yangu katika imani, maneno haya umeyasikia, na huenda umeyasema mwenyewe: "Zamani kulikuwa na filamu bwana. Zamani kulikuwa na vitabu. Sisi tulilelewa na vitu vyenye maadili, watoto wa leo wameharibiwa na simu." Huku kwetu Lusu, Nzega, yanasemwa barazani baada ya Alasiri na kila mtu anatikisa kichwa kukubali. Mimi nasema si kweli. Na anayeumia kwa uongo huu ni mwanao.

Tuanze na televisheni. Wewe mwenye miaka hamsini na kitu uliyekulia Unyamwezi, ni televisheni gani iliyokulea? Zanzibar walipata yao miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza. Nayo ilianzia Dar es Salaam, haikuanzia Nzega! Wakati huo wewe ndevu zimeshaota. Kilichokuwepo ni redio moja ya betri, vituko vya Pwagu na Pwaguzi kutoka Radio Tanzania, na uani mmekaa wote: baba, mama, shangazi, na jirani mwenye ruhusa ya kukuchapa. Uliyemwona mlezi ni redio, kumbe mlezi ni wale waliokaa kuizunguka.

Tuje kwenye vitabu. Mnamsifu Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974. Naam, alipambana na makaburu na vibaraka wao, na hilo lilitujengea mapenzi ya Afrika. Lakini pombe alikunywa, na wanawake hawakumpita. Kama kilikuwa kitabu cha maadili, mbona ulikisoma umekificha ndani ya daftari la Jiografia?

Na filamu je? Mabanda ya video yalipofika, mlilipa kiingilio mkamtazame Rambo akimaliza watu, huku Lufufu akiwatafsiria kwa Kiswahili. Mlilia na Sholay ya mwaka 1975, ambayo mashujaa wake wawili ni wezi. Leo mtoto akitazama bunduki kwenye simu unasema dunia imeisha. Dunia ya lini hiyo iliyokuwa haina bunduki?

Ndugu yangu, ukongwe wa kitu si hoja. Katika Suratu Zukhruf, Allah Subhaanahu wa Ta'ala anawasema wale walioikataa haki kwa sababu moja tu: kwamba waliwakuta baba zao kwenye njia nyingine. Na wafasiri, wanapoieleza aya ya 6 ya Suratu Luqman, wanamtaja Nadhr bin al-Harith, aliyewasimulia watu wa Makka habari za wafalme wa Uajemi, za Rustam na Isfandiyar, ili wasimsikilize Mtume, swalla Allahu 'alayhi wasallam. Zilikuwa hadithi za kale, za ushujaa, bila picha hata moja. Ubaya wake ulikuwa kwenye kazi aliyozipa.

Sisi watu wa mkoa wa Tabora tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Njia ya misafara iliyopita hapa kwenda Ujiji na kupanda mpaka Buganda ndiyo iliyoleta Uislamu katika nchi hii. Na njia hiyohiyo ilipitisha watu wamefungwa minyororo. Yote mawili ni ya zamani. Je, utayasifu yote mawili?

Utaniambia: "Lakini Sheikh, za sasa zinaonyesha uchi waziwazi." Ni kweli, sikatai. Uchafu umekuwa mwingi na uko karibu zaidi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya wewe kukaa karibu na mwanao, na wewe unaifanya sababu ya kukaa barazani kulaumu. Banda la video lilifungwa, watu wakarudi nyumbani. Simu inalala na mtoto kwenye mto. Aliyeinunua ni nani? Aliyemwekea bando ni nani?

Tena kuna hasara nyingine. Unaposifu kila cha zamani kwa jumla, kile chenye faida kinapotea humohumo. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa kwenye mzimu, watu wanaogopa mizimu, na Bwana Msa kwa kutumia akili tu anaonyesha kwamba muuaji ni binadamu. Sasa fikiri: katika Unyamwezi na Usukuma hii, vikongwe wameuawa kwa mapanga eti macho yao mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni! Kitabu kile kingemsaidia kijana wetu leo. Lakini ni nani kati yenu, wasifiaji wa zamani, aliyekaa na mwanawe akamsomea hata ukurasa mmoja?

Uislamu haukukataza hadithi. Suratu Yusuf, katika aya ya 3, inaitwa simulizi nzuri kuliko zote. Ndani yake mna wivu, kutupwa kisimani, na mke wa mkubwa anayemtaka kijana. Hakuna kilichofichwa, wala hakuna kilichoonyeshwa kwa uchafu, na kijana anatoka na somo la kumcha Mola wake. Hicho ndicho kipimo: hadithi inakupeleka wapi? Mwaka wake usiuulize.

Basi fanya matatu. Kwanza, usiku wa leo muulize mwanao anatazama nini, umuulize kwa upole, ukae utazame naye. Pili, simu ilale chumbani kwako. Tatu, kama kweli zamani kulikuwa na hadithi njema, msimulie kwa kinywa chako, maana wewe ni mchunga na utaulizwa juu ya ulichokichunga. Siku hiyo hutaulizwa Willy Gamba alikuwa bora kuliko tamthilia za sasa au la. Utaulizwa juu ya mwanao.

Allah atuongoze sisi na vizazi vyetu. Mtumie mzazi mwenzio.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.