Runinga haitundikwi kwenye jipsamu

Gonga ukuta wa sebule yako kwa kifundo cha kidole. Ukisikia mlio kama wa debe tupu, yasome haya kabla hujamwita fundi.

Katika nyumba nyingi za jijini siku hizi, ukuta wa matofali hufunikwa kwa ubao wa jipsamu ili upendeze na kuficha nyaya. Ubao huo ni unga mweupe uliogandishwa kati ya karatasi mbili ngumu, na unene wake kwa kawaida ni milimita 9 au 12. Picha ya harusi utaibeba. Lakini runinga ya inchi 55 ina kilo 15 hivi, na kabati lililojaa sahani lina uzito zaidi ya huo. Mzigo kama huo hubebwa na tofali lililo nyuma.

Mafundi wa haraka hutoboa shimo, wakasukuma rolplagi fupi, wakakaza skrubu na kudai malipo yao. Rolplagi imeshika jipsamu tu, ama inaelea katika uwazi ulio kati ya ubao na tofali. Runinga itakaa wiki, pengine miezi. Na anayecheza chini yake ni mtoto.

Kwanza pima uwazi huo. Toboa tundu dogo mahali patakapofunikwa na chuma cha kushikilia runinga, lakini usitoboe juu, chini wala kando ya soketi au swichi, kwa maana nyaya hupita huko. Unga mweupe ni wa jipsamu. Drili ikizama ghafla, umefika kwenye uwazi. Ukitoka unga mwekundu, hilo ni tofali. Tuseme ubao ni milimita 12 na uwazi ni 25. Skrubu nayo iingie milimita 60 ndani ya tofali. Jumla ni 97, na bado hujahesabu unene wa chuma. Basi nunua skrubu nene za milimita 100 au 110. Rolplagi isukumwe hadi iingie yote ndani ya tofali, si kwenye saruji laini iliyo kati ya tofali na tofali.

Kuna jambo ambalo hata fundi mzuri husahau. Skrubu ikikazwa, chuma hukandamiza jipsamu kuelekea kwenye uwazi, ubao ukapasuka na kila kitu kikalegea. Dawa yake ni rahisi: kata vipande vya bomba jembamba la chuma, urefu wake sawa na ubao pamoja na uwazi, yaani milimita 37 katika mfano wetu. Panua tundu la jipsamu, ingiza bomba hadi liguse tofali, kisha pitisha skrubu ndani yake. Sasa kaza upendavyo. Chuma kinaegemea bomba, na bomba linaegemea tofali.

Kwa kabati la jikoni, mimi singehangaika na mabomba. Kata jipsamu pale kabati litakapokaa, ufunge ubao wa mti moja kwa moja kwenye tofali, kisha kabati likazwe kwenye mti huo. Kovu halitaonekana. Kama ni nyumba ya kupanga, mwulize mwenye nyumba kwanza.

Kabla runinga haijapandishwa, shika kile chuma kwa mikono miwili ukivute kwa nguvu zako zote. Kikitikisika hata kidogo, fundi asilipwe bado.