Risala ya Familia za Watu wa Reli, Muthurwa na Makongeni



Sisi ni wajane, watoto na wajukuu wa waliokuwa waasha taa, wageuza njia na mafundi wa reli. Tunakushukuru, mheshimiwa mgeni rasmi, kwa kukubali kuja kutusikiliza. Katiba yetu, kifungu cha 37, inaturuhusu kukuletea malalamiko kwa amani, nasi tumekuja kwa amani.

Kabla ya malalamiko, turuhusu tueleze tulikotoka. Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, na Kisumu mwaka 1901. Hapa palikuwa bwawa na nyasi. Mji ukaota kandokando ya yadi ya treni. Wafanyakazi Waafrika walipangwa katika landhi, yaani safu za vyumba vya wafanyakazi, za upande huu wa mashariki ili wafike kazini kwa miguu. Chumba kilikuwa kimoja, na kilipimwa kwa mwanamume asiye na familia: mkoloni alitaka mikono yake tu, mke na watoto wabaki reserve. Mama zetu walikuja hata hivyo. Wakafunga pazia katikati ya chumba, wakazaa, wakalea.

Kazi ya mwasha taa wengi hawaijui, kwa hiyo tuvumilie kidogo. Nguzo ya ishara ilikuwa na mkono wa kumwonyesha dereva apite au asimame, pamoja na vioo viwili, chekundu na cha kijani. Usiku mkono hauonekani. Dereva huona taa peke yake. Kila jioni mzee alipanda ngazi ya chuma iwe mvua iwe baridi ya Julai, akakata utambi, akajaza mafuta ya taa, akapangusa kioo kwa kipande cha kanga kuukuu ya mama. Utambi ukikatwa mshazari hutoa moshi, na kioo huwa cheusi kabla ya usiku wa manane. Kanuni ya reli ilikuwa kwamba taa iliyozimika ihesabiwe kuwa nyekundu. Kwa hiyo utambi mmoja mbaya uliweza kusimamisha treni nzima ya Mombasa, na asubuhi aliyeitwa kujieleza alikuwa baba. Sisi watoto tulisugua vioo kwa majivu. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, kazi ilikuwa ya nyumba nzima.

Mheshimiwa, malalamiko yetu ni haya.

1. Nyumba iliishia kazi ilipoishia. Mfanyakazi akistaafu au akifa, familia ilitakiwa itoke, hata kama matanga hayajaisha. Tulivumilia kwa kuwa tuliambiwa ndiyo sheria. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli likagawanywa, Kenya ikaunda lake. Novemba 2006 uendeshaji wa treni ukakabidhiwa kampuni binafsi na wengi wakapoteza kazi. Mwaka huohuo nyumba hizi zikawekwa chini ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Katika mabadiliko yote hayo ziliandikwa hesabu za ardhi, majengo na mabehewa. Sisi tuliomo ndani ya majengo hatukuandikwa. Mwaka 2010 tingatinga likaingia Muthurwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa. Sheria ya ardhi ikarekebishwa mwaka 2016, na sasa inadai notisi ya maandishi ya miezi mitatu kabla ya mtu kuondolewa.

Tunaomba iandikwe sajili ya familia zote za reli, zilizobaki na zilizokwisha kuondoka, mtaa kwa mtaa, kabla jiwe jingine halijang'olewa. Tunaomba pia notisi yoyote ije kwa Kiswahili, ibandikwe mlangoni, na isomwe barazani. Wajane wetu wengine hawasomi magazeti.

2. Faili za utumishi hazipatikani. Mjane akifuatilia haki ya marehemu huambiwa alete barua ya ajira ya mwaka 1961, barua ambayo aliyeiandika ndiye aliyebaki na nakala. Katika ofisi moja tuliambiwa faili zililiwa na mchwa. Ofisi nyingine ikatuambia hazikuwahi kuwepo. Tunauliza kwa heshima: mchwa walikula nini?

Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali. Tunaomba ofisi moja itajwe, na afisa mmoja apewe jukumu hilo, badala ya sisi kurushwa kama mpira. Pale ambapo faili imepotea kweli, kitambulisho cha zamani cha reli, pasi ya kusafiria au ushahidi wa wafanyakazi wenzake wawili ukubaliwe.

3. Maji na choo. Mabomba ni ya pamoja na vyoo ni vya pamoja, tangu siku za landhi. Tunaomba virekebishwe sasa, visingoje mradi wa nyumba mpya.

4. Historia yetu haina mahali pa kukaa. Makumbusho ya reli hapa Nairobi yamehifadhi behewa ambamo Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba pale stesheni ya Kima mwaka 1900, na watoto wa shule huenda kulitazama. Tunafurahi, ni jambo jema. Mombasa nako, kila mtu anapajua Lighthouse, penye mnara wa taa ya kuongoza meli. Watu hukaa pale jioni wakila mihogo yenye ndimu na pilipili, wakitazama meli zikiingia. Reli na bandari zilikuwa shirika moja hadi 1969, kwa hiyo watu wa pwani na watu wa yadi walikuwa na mwajiri mmoja. Historia ya pwani ina mahali pake. Huku kwetu likibomolewa jengo la mwisho, hapatabaki pa kumwonyesha mjukuu.

Tunaomba safu moja ya landhi ihifadhiwe chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, chumba kimoja kipangwe kama kilivyokuwa, pazia likiwemo, na majina ya waliokaa humo yaandikwe ukutani. Wazee wanaojua kukata utambi wangali hai. Warekodiwe mwaka huu.

5. Mpango wa nyumba za bei nafuu umefika Makongeni. Hatuupingi, nani anapenda kuoga kwa zamu? Ila nafuu ya mwenye mshahara si nafuu ya mjane anayeuza sukuma wiki.

Tunaomba walio katika sajili wapewe nafasi ya kwanza, na malipo yao yafanane na kodi wanayoimudu. Mitaa ya jirani, Mbotela na Ofafa, ina majina ya Tom Mbotela na Ambrose Ofafa waliouawa mwaka 1952 na 1953. Majengo mapya nayo yapewe majina ya watu wa reli kutoka katika sajili hiyohiyo.

Majibu tunaomba yapitie kwa Bwana Chifu, kwa maandishi, yakitaja tarehe na jina la afisa atakayehusika kwa kila ombi. Wazee watano tumewateua kufuatilia, na wako tayari kuitwa siku yoyote ya kazi.

Tunaomba kuwasilisha.