Kutwa mara moja, lakini saa ngapi?

MZAZI anayetoka hospitalini na dawa za mwanawe hukabidhiwa bahasha ndogo iliyoandikwa "kutwa mara moja". Kwa dawa nyingi maneno hayo yatosha. Kwa mtoto anayetibiwa unyogovu, yaani yale maradhi ya huzuni na kukata tamaa yasiyoondoka kwa kubembelezwa wala kukemewa, hayatoshi hata kidogo. Kutwa ni ndefu. Tembe inayomezwa saa moja asubuhi huweza kumwacha mtoto alale vyema usiku. Tembe iyo hiyo ikimezwa saa nne usiku huweza kumfanya akeshe hadi majogoo.

Dawa inayotangulizwa kwa watoto wa aina hii ni fluoxetine. Marekani iliidhinisha itumiwe kutibu unyogovu wa watoto wa miaka 8 na zaidi mnamo Januari 2003. Shirika la Afya Duniani, ambalo ni lenye tahadhari zaidi, huiruhusu kwa vijana kuanzia miaka 12, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kwa kuwa huwachangamsha wengi wanaoitumia, madaktari kwa kawaida huielekeza asubuhi. Sertraline huweza kutolewa asubuhi au jioni, kwa kutegemea inavyomwathiri mtoto mwenyewe. Amitriptyline, dawa kongwe ambayo Shirika hilo halishauri itumiwe kwa unyogovu wa watoto lakini ambayo hutolewa kwa magonjwa mengine kama vile kipandauso, huleta usingizi, na ndiyo sababu huachiwa jioni.

Hayo wayajua madaktari. Lakini katika shule zetu za malazi si daktari anayeamua saa ya dawa. Huamuliwa na kengele, na pale kengele inaponyamaza huamuliwa na aibu.

Mwanafunzi hutakiwa kukabidhi dawa zake kwa muuguzi au mlezi wa bweni, kisha apange foleni pamoja na wenye mafua na waliovunjika vidole uwanjani. Mara nyingi foleni hiyo hupangwa jioni, kwa sababu asubuhi kila mtu akimbilia darasani. Mtoto mwenye unyogovu hujua kwamba wenzake wakigundua anatumia dawa ya "ugonjwa wa akili", jina hilo halitamtoka hadi amalize Kidato cha Nne. Basi ama huipokea usiku, saa isiyofaa, ama huificha sandukuni na kuimeza chini ya blanketi taa zikishazimwa. Wako hata wazazi wanaowashauri watoto wao kufanya hivyo. Hatuwalaumu sana, maana nao wameona jinsi walimwengu wanavyonena.

Mtoto huyo hulala macho wazi. Kukicha, husinzia katika somo la hesabu na kuadhibiwa kwa uvivu. Dawa aliyopewa imwinue imemtia hatiani.

Na si suala la usingizi tu. Mnamo Oktoba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa zote za unyogovu zibandikwe onyo kali kuhusu watoto. Katika majaribio yaliyochunguzwa, takriban watoto 4 katika kila 100 waliopewa dawa hizo walikuwa na mawazo au vitendo vya kutaka kujiua, ilhali waliopewa tembe zisizo na dawa walikuwa 2 katika kila 100. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo, na onyo lenyewe halikupiga marufuku dawa. Lilitaka mtoto achunguzwe kwa makini, hasa majuma ya kwanza na kila kipimo kinapobadilishwa. Miongoni mwa ishara za kuchungwa ni kukosa usingizi, kutotulia na hasira za ghafla. Nani atakayeiona ishara hiyo ikiwa mtoto anameza dawa gizani, na mlezi wa bweni hajui kwamba kuna dawa?

Unyogovu wenyewe pia huvuruga usingizi. Wako watoto waliokuwa wakiamka saa tisa usiku miezi mingi kabla ya kuonja tembe yoyote. Ndiyo maana yafaa mzazi aandike daftarini, kabla ya matibabu kuanza, mtoto hulala saa ngapi na huamka saa ngapi. Bila hayo daktari hana cha kulinganisha.

Wazazi wengi huhofu kwamba kuihamisha dawa kutoka usiku hadi asubuhi kutaiharibu kazi yake. Kwa fluoxetine hofu hiyo haina msingi mkubwa, kwani hukaa mwilini kwa siku nyingi, na kuchelewa kwa saa chache hakuipunguzii nguvu. Hata hivyo, mabadiliko yaamuliwe na daktari. Tembe iliyosahaulika isifidiwe kwa kumeza mbili, wala dawa isikatizwe ghafla kwa sababu mtoto amekesha siku mbili.

Serikali nayo ina lake la kujibu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimetenga saa tatu unusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa muda wa kulala siku za masomo. Hizo ni saa nane na nusu, na kijana huhitaji kati ya 8 na 10. Lakini katika shule nyingi taa za madarasa huwaka saa kumi na moja alfajiri, na hakuna anayeulizwa. Hata dawa ikimezwa saa ipasayo, haiwezi kumpa mtoto usingizi ambao shule imemnyima.

Tunaitaka Wizara ya Afya iwaagize madaktari na wafamasia waandike saa kwenye bahasha, si idadi peke yake. Wizara ya Elimu nayo iziagize shule zimruhusu mwanafunzi wa aina hii kupokea dawa yake kabla ya kiamshakinywa, faraghani, mlango ukiwa umefungwa. Muhula unapofunguliwa, mzazi ampelekee muuguzi karatasi moja yenye jina la dawa, kipimo, saa ya kuimeza na nambari ya simu ya daktari. Likizo inapofika, karatasi hiyo irudi nyumbani na mtoto, ili saa ya dawa iwe ile ile hata siku anazolala hadi adhuhuri.