Hisani Isiyo na Risiti

Juni ya mwaka juzi nilikaa wiki tatu katika ofisi moja Westlands nikihesabu wema wa watu wengine. Kazi ilikuwa ya kibarua, elfu moja mia tano kwa siku, chai ya saa nne juu yao. Kampuni ilikuwa imetoa misaada mwaka mzima, siku za kufaili ritani zikawa zimekaribia, na mhasibu akahitaji mtu wa kupanga makaratasi. Mtu huyo alikuwa mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na bado naitwa na wenzangu niwanyooshee tasnifu zao.

Kila mchango ulidai vitu vitatu: risiti ya shirika lililopokea, nakala ya cheti chake cha msamaha wa kodi, na barua ya kuthibitisha kwamba pesa ni za kazi ya hisani tu. Vyote vikiwepo, folda ya kijani. Kimoja kikikosekana, boksi. Siku ya pili nikakuta elfu themanini zilizolipa bili ya hospitali ya mtoto wa mlinzi wao. Risiti ya hospitali ipo, jina la mtoto lipo, hata kadi ya asante iliyochorwa kwa kalamu za rangi ipo. Mhasibu akaitupia jicho mara moja. "Weka kwa boksi. Huyo ni mtu, si shirika."

Hiyo sentensi haijanitoka.

Wacha nieleze hesabu, maana watu wengi hawaielewi na ndiyo maana hawakasiriki. Kampuni inatozwa asilimia 30 ya faida. Ikitoa milioni moja kwa taasisi yenye cheti, ile milioni inatolewa kwenye faida kabla kodi haijapigwa, kwa hivyo kodi inapungua kwa laki tatu. Ile hundi kubwa kama mlango unayoiona kwenye picha, watu sita wameishika wakitabasamu, laki tatu zake ni pesa ambazo zingeingia hazina ya umma. Ni zetu, msee. Tumechanga sisi pia, ila hakuna aliyetuita kwa picha.

Sina neno na hilo. Watoto wanakula, visima vinachimbwa. Neno langu liko kwenye boksi.

Jioni moja, kwa matatu ya kurudi Githurai, nilipiga *334# nikaitisha taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Nikaipanga vile nilivyofundishwa ofisini: tarehe, mpokeaji, kiasi, sababu. Bili za hospitali 21,300. Matanga 14,450. Karo za watoto wa watu 16,000. Kamati za harusi 7,000, ambazo nimezitoa mwenyewe, kwa sababu harusi ni deni la pilau. Zikabaki 51,750. Mapato yangu mwaka ule, baada ya gharama, yalikuwa 430,000. Nilitoa shilingi kumi na mbili katika kila mia. Na mimi si tajiri wala mtakatifu. Nina tu vikundi kumi na kimoja vya WhatsApp na siwezi kujitoa hata kimoja bila kuulizwa nimekuwa nani.

Kodi yangu kwa mapato hayo ni 37,600 baada ya ile nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Kama 51,750 zangu zingehesabiwa vile milioni ya kampuni inavyohesabiwa, ningelipa elfu kumi na tano pungufu. Kwangu hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi miwili. Lakini zote ziko kwa boksi. Huyo ni mtu, si shirika.

M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Mwaka huohuo zikatoka kanuni za michango ya hisani chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato. Mapacha, kama ungependa. Mmoja alikaa chini akajifunza Mkenya anatoaje: mia mbili hapa, hamsini pale, saa tano usiku, kwa namba ya mweka hazina wa kamati. Mwingine bado anangoja barua yenye muhuri. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, ila msingi haujahama: anayepokea lazima awe taasisi iliyopewa cheti. Nchi yenye neno Harambee kwenye nembo yake ya taifa haina mstari wa harambee kwenye hesabu zake za kodi.

Najua jibu linalokuja. Watu watadanganya. Kila mtu atajitungia mjomba mgonjwa. Na harambee yenyewe ina madoa; wanasiasa waliifanya jukwaa la kununua kura hadi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ikalazimika kuwawekea mipaka. Kweli kabisa. Hata mimi nisingependa noti za bahasha kanisani Jumapili zihesabiwe hisani.

Lakini sijataja noti za bahasha. Nataja pesa inayotoka kwa simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho, inaingia paybill ya hospitali, ikiwa na namba ya mgonjwa kama akaunti. Hiyo inadanganywa vipi? Ina alama nyingi kuliko zile barua nilizopanga mimi, ambazo nyingine zilikuwa na tarehe ya wiki ileile tuliyokuwa tunaziomba. Anza na hiyo tu: bili ya hospitali na karo, iliyolipwa moja kwa moja kwa namba ya hospitali au shule, na uweke kikomo cha mwaka. Matanga tuachie wenyewe.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi. Kwamba kumsaidia ndugu si hisani, ni wajibu. Sawa, ni wajibu, lakini ulianza kwa nani? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili hiyo kila mwezi. Kisha bili inakuja, na kikundi kinafunguliwa. Nikilipa nafasi ya serikali, serikali inaniambia nilikuwa naisaidia familia yangu.

Kuna daftari moja nyumbani kwa shangazi yangu, lile la kurasa 96, limefungwa kwa gazeti. Ni la harambee ya karo yangu ya chuo. Shangazi aliishia darasa la saba na sijaona rekodi safi kama zake, hata Westlands. Mama mboga, 50. Fundi wa baiskeli, 200. Jogoo aliyenadiwa, 900, na jina la aliyemnunua. Debe la mahindi, na bei ya siku ile. Mwishoni jumla, sahihi tatu, na alama ya dole gumba.

Nilipoacha chuo nilinyamaza karibu mwaka. Shangazi alipojua hakunigombeza. Alisema tu, "Njoo uwaambie. Pesa ni zao." Nikasimama chini ya mti uleule, mbele ya watu wale wale, nikasoma kutoka daftarini: zilizolipa mwaka wa kwanza, zilizolipa chumba, zilizobaki. Fundi wa baiskeli akauliza kama muhula huwa unarudishiwa nusu ukitoka katikati. Huwa haurudishwi, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa. Sijawahi kuhojiwa hivyo na mtu yeyote mwenye cheti, na hizo wiki tatu Westlands sikuona mfadhili hata mmoja akiuliza zilizobaki ziko wapi.

Sasa ukiniambia ile haikuwa hisani kwa sababu sikuwa na muhuri, tutakosana.

Kwa hivyo ritani ya mwisho ni Juni 30, na ukichelewa faini ni elfu mbili au zaidi. Kama unafaili sufuri na una kipato, acha. Ukifanya hivyo hutakuwa na mdomo wa kuuliza chochote. Itisha taarifa yako ya M-Pesa na uifungue, nywila yake inakuja kwa SMS. Weka rangi kwenye kila mchango. Bili ikipigwa picha kwa kikundi, ihifadhi, na mweka hazina akikwambia jumla mwombe aiandike. Sheria inataka rekodi za kodi zitunzwe miaka mitano, basi tunza na hizi. Siku mbunge wako akija kuomba maoni kuhusu mswada wa fedha, usimpelekee meme. Mpelekee jumla yako.

Mimi nimefaili jana usiku kwa simu. Nilipomaliza kulikuwa na kikundi kipya, nimeongezwa saa tatu kasorobo, mtoto wa jirani wa zamani, bili ni 186,000. Nimetuma mia tano. Nimepiga picha ya ujumbe nikaiweka kwa folda, na folda nimeipa rangi ya kijani.